Jibu: Zama zipi za mavazi unazipenda zaidi?

Mkuu, umeuliza tungechagua zama zipi za mavazi. Mimi bila kupepesa macho nachagua Dar es Salaam ya miaka ya 1970. Bugaluu, yaani suruali zilizopanuka chini, za kufagia barabara, viatu vya raizoni vya soli nene miguuni, afro kichwani, shati la kola ndefu! Wengine watakutajia Paris, sawa, ila ya Dar ilikuwa na ubishi ndani yake. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala cha wakati huo, ulitangaza kampeni ya Operesheni Vijana, ianze Januari 1, 1969: sketi fupi, mawigi na suruali za kubana marufuku. Basi kichekesho ni hiki, muda si mrefu vijana wakaja na suruali pana kuliko sketi, nazo zikapigwa vita vilevile, hasa Zanzibar. Sasa avae nini mtu?

Wakubwa walikuwa na suti zao za Kaunda, zilizopewa jina la Rais Kaunda wa Zambia, hazihitaji tai. Zinafaa joto letu, ila mimi hazinivutii.

Ukitaka kushona bugaluu leo, mwambie fundi aanze kupanua gotini. Akianzia pajani, atakupa bwanga tu, suruali pana mguu mzima.