Maswali ya Wasomaji: Nguzo inayozama bila kupigwa

Swali: Nimesikia kwamba nguzo ya mtambo wa upepo baharini, wakati inapigwa nyundo, huweza kuporomoka mita kadhaa yenyewe. Inakuwaje?

Jibu: Hutokea hasa pale tabaka la mchanga mgumu linapokuwa juu ya udongo wa mfinyanzi laini. Nguzo hiyo ni bomba la chuma, na lenye kipenyo cha mita 8 huweza kupita tani 1,000, bado hujaongeza nyundo ya haidroli inayokaa juu yake. Mchanga huhimili mzigo wote huo. Ncha ikishapenya hadi kwenye mfinyanzi, ukinzani hushuka chini ya uzito, na nguzo inaondoka. Nyundo ikiwa bado imefungwa kwa kamba za kreni zilizokazwa, kamba na kreni hupata mshtuko mkubwa wa ghafla.

Dawa yake iko kwenye upimaji wa ardhi. Kabla ya kazi, koni yenye vihisi husukumwa chini ya sakafu ya bahari, nayo husoma ukinzani tabaka kwa tabaka. Mhandisi hujua mapema ni kina gani cha kuogopa. Nguzo ikikaribia hapo, nguvu ya mapigo hupunguzwa, kamba huachiwa ulegevu, na watu huondolewa karibu na kishikio, yaani mkono wa meli unaoishika nguzo isimame wima. Kuongeza nguvu ili kumaliza haraka ndilo kosa baya kuliko yote.

Wima nao uangaliwe tangu mita za mwanzo. Kikomo kinachotumika sana ni robo ya digrii: kwa nguzo ya mita 80, kichwa kimehama sentimita 35 hivi tu. Kishikio cha meli huweza kuirudisha ingali juu juu. Ardhi ikishaikamata, basi tena.

Swali: Kwa nini mawe humwagwa mara mbili kuzunguka nguzo?

Jibu: Mkondo ukizunguka nguzo huchimba shimo, na kwenye mchanga kina cha shimo hilo huweza kuzidi kipenyo cha nguzo yenyewe. Ili kuzuia hilo, mara nyingi kokoto hutangulia, na nguzo hupigwa kupitia humo. Mawe makubwa hufuata baadaye, kwani nguzo ikiyakuta huweza kupinda mdomo wake wa chini. Ukiweka makubwa peke yake, mchanga hunyonywa kupitia mianya yake na mawe yenyewe huzama taratibu.