Neno Lililonikeshesha

Mhariri, wiki iliyopita mliuliza wasomaji tumejifunzaje misemo ya Kiingereza cha kazini, na nini kilitusaidia kuielewa. Mimi kilichonisaidia ni kuacha kukariri orodha na kuanza kuuliza kila msemo umezaliwa wapi, na nani anausema.

Nilianza na daftari la safu mbili, Kiingereza kushoto, maana kulia. Kila jioni nafunika safu ya kulia kwa kiganja, najipima. Kisha siku moja tukawa na mkutano wa simu na washirika wa Marekani. Nilikuwa nimewatumia pendekezo, na mwishoni mkuu wao akasema, "Let's table it." Daftari langu lilisema hiyo ni kuleta hoja mezani ijadiliwe. Nilikesha nikipanga hesabu na majibu ya kila swali nililoweza kulifikiria. Asubuhi nikawaandikia kwamba niko tayari. Wakanijibu kwa upole kuwa jambo lile limeshawekwa kando.

Daftari halikukosea. Kwa Waingereza neno hilo ni kuleta hoja mezani. Kwa Wamarekani ni kuiahirisha. Churchill, aliyekuwa waziri mkuu wa Uingereza, alisimulia jinsi maofisa wa pande hizo mbili walivyobishana kwa muda mrefu kwa sababu ya neno hilo wakati wa Vita Kuu ya Pili, kumbe wote walikuwa wanataka kitu kimoja. Niliposoma hayo nilifarijika sana.

Tangu hapo nafuata asili. "Ballpark figure" imetoka kwenye uwanja wa besiboli, nayo ni makadirio tu. Ukiulizwa, usijifungie siku mbili kutafuta mpaka senti ya mwisho. "In the red" ni wino mwekundu ulioandikiwa hasara kwenye vitabu vya hesabu, na "bottom line" ni ule mstari wa chini kabisa ambapo faida au hasara inaonekana. Iliyonishtua ni "deadline", yaani siku ya mwisho ya kukamilisha kazi. Mwaka 1864, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, katika kambi ya wafungwa wa vita ya Andersonville kulikuwa na mstari uliopewa jina hilo: mfungwa akiuvuka, anapigwa risasi. Neno hilo sikuhitaji kulikariri tena.

Sisi wenyewe tunalijua jambo hili. Mgeni akisikia fulani amemwaga unga, akitafsiri neno kwa neno atafikiria jikoni, wakati mwenzetu amepoteza kazi. Hatukukariri msemo huo popote. Tuliusikia ukisemwa kwa sauti ya chini, kuhusu mtu fulani, siku fulani.

Kwa hiyo anayeanza namshauri aandike sentensi nzima, na pembeni aandike aliyeisema na aliyekuwa anaambiwa. "With all due respect" (kwa heshima zote), kwa mfano, ina heshima kwa maneno tu. Mara nyingi inatangulia kupinga, na kumwandikia mkubwa wako kwenye barua pepe ni hatari. Aelewe misemo mingi, atumie michache. Kiingereza cha moja kwa moja hakimwaibishi mtu.

Na siku hizi mtu akisema "table" kwenye mkutano, namuuliza pale pale: tunalijadili leo, au tunaliacha?