Supu ya samaki ya kusaga: tunajibu maswali yenu

Shikamooni. Supu yangu nikishasaga inavutika kama gundi, na watoto hawaitaki. Nakosea wapi? (Mama, Uyole)

Marahaba. Kosa liko kwenye viazi, mama. Kiazi kilichoiva kimejaa wanga, na blenda ikikisaga muda mrefu wanga wote unaachia na kuanza kunata. Ikishafika hapo hairudi, hata uongeze maji. Tunajua viazi huko kwenu vimejaa kila kona, lakini kwenye supu hii kimoja cha wastani kinatosha. Uzito uutafute kwenye boga na karoti. Tena usikitie kwenye blenda: kitoe kikishaiva, kiponde kwa mwiko, ukirudishe sufuriani mwishoni.

Naombeni vipimo vya watu wanne, iwe nyepesi lakini mtu ashibe. (Kihesa, Iringa)

Chukua sato au perege wa kilo moja, mzima. Ukimchuna utapata minofu kama gramu 350, na kichwa na mifupa ndiyo mchuzi wako. Andaa pia boga gramu 300, karoti mbili, kiazi kimoja, liki moja, kitunguu maji kimoja, punje mbili za kitunguu saumu na kijiko kimoja cha chakula cha mafuta.

Kwenye kichwa toa matamvua yote. Pasua ule utando mweusi wa tumboni uung'oe, kisha kwangua kwa ncha ya kisu damu iliyoganda kando ya uti wa mgongo, maana shombo nyingi inatoka hapo. Weka kichwa na mifupa kwenye lita moja na nusu ya maji baridi, bandika moto mdogo, engua povu, na kikianza kuchemka hesabu dakika 20. Usizidishe 25. Mifupa ya samaki si ya ng'ombe. Ukiichemsha saa nzima mchuzi unakuwa mchungu na wenye vumbivumbi. Chuja.

Kaanga kitunguu, liki na saumu kwenye yale mafuta hadi vilainike bila kuwa vya kahawia. Tia karoti na boga vilivyokatwa vipande vya sentimita moja, kiazi ukikate nusu, mimina mchuzi, funika. Nyanda zetu ziko juu: Mbeya mjini ni kama mita 1,700, na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Kwa hiyo dakika 15 mnazosoma kwenye mapishi ya pwani, hapa zinafika 25. Usisage mpaka karoti ikatike yenyewe ukiibonyeza na kijiko. Karoti mbichi kidogo tu inaacha chengachenga ambazo blenda haizimalizi.

Mboga zikiiva, ndipo minofu iingie, dakika tano tu, mpaka nyama igeuke nyeupe na kuachana yenyewe. Theluthi mbili saga na mboga, theluthi iliyobaki ichambue kwa vidole uirudishe nzima. Hapo ndipo shibe ilipo: mtu akipata cha kutafuna anahisi amekula chakula, siyo amekunywa uji. Chumvi na ndimu viwe vya mwisho.

Kupima uzito, chovya mwiko, upitishe kidole mgongoni mwake. Njia ikibaki wazi, supu iko sawa. Ikifunga haraka, ichemshe bila mfuniko dakika chache.

Mbasa wa Kyela anafaa? (Tukuyu)

Kwa ladha anafaa sana, ila ana vimiiba vingi vyembamba ndani ya nyama, na msidhani blenda itavimaliza. Mchemsheni mzima, apoe, mumchambue kwa vidole, kisha nyama iliyosagwa mwipitishe kwenye chujio. Kama supu ni ya mtoto au mzee, tumieni minofu ya sangara. Ukiwa na usipa wakavu, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, ng'oa vichwa kwanza, uwakaange bila mafuta dakika mbili, uwachemshe kupata mchuzi.

Umeme ukikatika nafanyaje? (Makambako)

Chujio la waya na mgongo wa upawa. Mboga ziive zaidi kidogo, uzikamulie humo kidogokidogo ukimwagia mchuzi. Itakuchukua dakika kumi, na kwa kweli inatoka laini kuliko ya blenda, kwa sababu nyuzi za liki zinabaki juu. Na umeme ukirudi, usijaze blenda supu ya moto: iwe nusu, mfuniko ushikwe kwa kitambaa kilichokunjwa, uanze na mwendo wa chini. Mvuke ukikosa njia unarusha mfuniko, na watu wameungua mikono na uso.

Nikiweka maziwa yanakatika. (Mafinga)

Ni ndimu au nyanya pamoja na moto mkali. Ipua kwanza, tia robo lita ya maziwa ya uvuguvugu huku ukikoroga, na usirudishe kuchemka. Ndimu kila mtu ajikamulie mezani.

Inakaa mpaka kesho? (Njombe)

Inakaa, hata siku mbili kwenye friji, ila baridi ya Njombe isiwadanganye mkaiacha jikoni usiku kucha. Ndani ya saa mbili iwe imepoa na imeingia kwenye friji. Itie kwenye vyombo vifupi ipoe haraka. Kesho yake itakuwa nzito, ongeza nusu kikombe cha maji, uipashe mpaka itokote. Unayopanga kulaza usiitie maziwa wala vipande vya samaki. Hivyo viweke pembeni, uvitie siku ya kula, maana samaki aliyepikwa mara mbili anakauka na shombo linarudi.