Kwa wanaoanza kusomea upimaji wa macho: anzeni na konea

Wengi wetu tuliingia katika masomo haya tukiamini kwamba lenzi ndiyo inayofanya kazi yote ya kupinda mwanga, na mimi nilimaliza muhula mzima kabla ya kuachana na imani hiyo. Jicho lililotulia lina nguvu ya takriban dayopta 60 (dayopta ni kipimo cha nguvu ya kupinda mwanga), na zaidi ya 40 kati ya hizo hutokana na konea, yaani ule utando mgumu unaong'aa mbele ya jicho, kwa sababu hapo ndipo mwanga unapotoka hewani. Mwenye kutaka uthibitisho na afumbue macho ndani ya maji: kila kitu hufifia, kwa kuwa maji na konea hupinda mwanga kwa viwango vinavyokaribiana.

Sehemu ya lenzi ni ndogo, lakini yenyewe ndiyo inayobadilika, na hapa ndipo wanafunzi wengi hukosea mtihani. Msuli wa siliari umeizunguka kama pete, na nyuzi nyembamba sana huishikilia katikati. Msuli ukikaza, pete husinyaa, nyuzi hulegea, na lenzi hujaa kwa unyumbufu wake ili jicho lione karibu. Msuli ukilegea, nyuzi huivuta ikawa bapa, na jicho likaona mbali. Msiyakariri maneno haya. Tafuteni jicho la ng'ombe machinjioni, mlipasue siku hiyohiyo, mzione nyuzi zenyewe. (Tabaka la samawati na kijani linalometameta ndani ya jicho hilo, upande wa nyuma, binadamu hana.)

Bibi mmoja niliyempima baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho aliwaona vizuri watu wa barabarani lakini akashindwa kutunga uzi sindanoni, hata jamaa zake wakadhani upasuaji umeharibika. Lenzi ya plastiki aliyowekewa haibadiliki umbo, hivyo alichohitaji ni miwani ya kusomea.

Kwa watoto hali ni kinyume. Lenzi yao hujaa kwa urahisi kiasi cha kuficha kasoro ya jicho fupi, ambalo taswira yake ingeangukia nyuma ya retina, yaani utando wa ndani unaopokea mwanga, na ndiyo maana tunawatia matone ya kulegeza msuli wa siliari kabla ya kuwapima. Niliwahi kuiruka hatua hiyo kwa sababu foleni ilikuwa ndefu. Mtoto akasoma chati yote, nikamruhusu, naye akarudi baada ya miezi michache akiwa bado anaumwa kichwa kila anaposoma.