Vidonge vya sukari mwezi wa Ramadhani

Mwenye kisukari anayetaka kufunga aanze kwa daktari mwezi wa Shaabani, asingoje mwezi uandame. Kila mwaka naenda kliniki na vidonge vyangu mfukoni, na swali langu ni lile lile: kipi kinahama saa, kipi kinapunguzwa?

Maana vidonge hivi tabia zao ni mbalimbali. Mimi natumia metformini na glibenklamidi, kama wenzangu wengi tunaokutana kwenye benchi la kliniki. Metformini ikiwa peke yake ni nadra kumshusha mtu sukari vibaya. Kero yake ni tumbo, hasa ukiimeza hujala. Glibenklamidi ndiyo ya kuogopa. Yenyewe inalihimiza kongosho kutoa insulini, uwe umekula hujala. Imeze daku, kisha ushinde na njaa kwenye joto la Tanga hadi magharibi, unajitafutia balaa.

Kwangu daktari aliihamisha glibenklamidi ya asubuhi ikawa ya futari, daku siigusi. Metformini ilibaki mara mbili, futari na daku, zote pamoja na chakula. Usiuchukue mpango huu ukaufanya wako. Hali ya figo, umri na aina ya dawa hubadilisha kila kitu, na wa insulini ana hesabu zake.

Kuna wanaoacha kupima wakihofia saumu. Mashekhe wengi wamekwisha kusema tone la damu la kipimo halifunguzi. Vijiti vya kupimia ni ghali, sikatai, lakini mwezi wa kuvitumia ndio huu. Mimi napima adhuhuri, na tena baada ya alasiri, wakati ambao sukari hupenda kushuka. Mashine ikisoma chini ya 3.9 (kwa kipimo cha mmol/L) nafungua hapo hapo, hata kama adhana imebakiza robo saa. Ikipita 16.6, nafungua vilevile. Na ukianza kutetemeka mikono huku kijasho chembamba kinakutoka, kula kitu kwanza: vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida. Ngoja dakika 15, upime tena.

Futari nayo. Hakuna dozi itakayoiweza sinia yenye mihogo ya nazi, tambi na kaimati zinazong'aa shira. Nachagua kimoja cha wanga, nakula na samaki, tende haizidi mbili. Wenyeji watanuna kidogo, watazoea.

Wapo watakaoambiwa wasifunge kabisa: mjamzito mwenye sukari, anayesafishwa figo, aliyeshukwa na sukari akazirai siku za karibuni. Wasione haya. Sura ya Al-Baqara, aya ya 184 na 185, imempa mgonjwa ruhusa waziwazi.

Sikukuu ikifika, dawa zirudi kwenye saa zake za zamani kama daktari alivyokuelekeza, siku ile ile unayoanza tena kunywa chai ya asubuhi. Wengi hujisahau hapo, wakaendelea na ratiba ya futari hadi katikati ya Shawwali.