Mnaoanza kesi za jinai Kenya: kabla hujataja Muruatetu, soma kifungu

Wadogo zangu mnaoanza pupileji, yaani mafunzo ya uwakili chini ya wakili mzoefu, na nyinyi mlio bado chuoni mnasoma sheria ya jinai, hii nimewaandikia nyinyi. Mambo ya adhabu watu huyachukulia kama mkia wa kesi, unapigania ushahidi wiki nzima halafu mteja akipatikana na hatia unasimama dakika mbili unasema ana watoto na ni mara yake ya kwanza, basi umemaliza. Na rufaa ikifika ndo unaona submishoni, hoja za maandishi, ya kurasa kumi na tano ambayo kila ukurasa ni Muruatetu, Muruatetu, Muruatetu, ile kesi ya 2017 ya adhabu ya kifo kwa mauaji, na mteja mwenyewe hakushtakiwa mauaji hata, alishtakiwa kunajisi mtoto. Jaji anasoma aya mbili anajua huyu wakili hajafungua kesi yoyote ya baada ya 2017.

Sasa tuanze na kifungu chenyewe kwa sababu hapo ndo korti zinaanzia. Angalia kitenzi. Kifungu cha 204 cha Kanuni ya Adhabu kinasema mtu akipatikana na hatia ya mauaji atahukumiwa kifo, nukta, hapo aliyeandika hakumwachia jaji nafasi yoyote. Lakini ukisoma vifungu vingine vingi utakuta kinasema mtu anaweza kuhukumiwa kifungo cha miaka kadhaa, na hiyo miaka ni upeo, sio lazima. Hili halijaanza jana, kesi ya Opoya dhidi ya Uganda ya 1967 ilishalimaliza, kwamba lugha ya namna hiyo inamwambia hakimu asivuke pale ila chini ya pale ni yake mwenyewe kupima. Na kifungu cha 26 cha hiyo hiyo Kanuni ya Adhabu kinasaidia, kinasema aliye na uwezekano wa kufungwa maisha au muda mwingine anaweza kupewa muda mfupi zaidi. Kwa kesi za dawa za kulevya Mahakama ya Rufaa ilitumia hoja hiyo hiyo kwa Muema 2009 na tena kwa Majabu 2014, ikasema ile adhabu kubwa iliyoandikwa pale ni upeo. Kwa hivyo hakimu akikwambia mikono yake imefungwa, muulize kwa heshima ni kifungu gani kimeifunga, na uwe umekisoma kabla hujauliza.

Kuna mtego lakini. Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006, kifungu cha 8. Kifungu kidogo cha 2 ni cha mtoto wa miaka 11 kushuka chini na kinasema atahukumiwa maisha. Cha 3 ni cha mtoto wa 12 hadi 15, na cha 4 ni wa 16 hadi 18, na hivi viwili vimeandikwa kwa njia ya ajabu kidogo: anaweza kuhukumiwa kifungo kisichopungua miaka 20, na kisichopungua miaka 15. Umeona hapo? Nusu ya sentensi inampa hakimu uhuru na nusu nyingine inamwekea sakafu. Miaka mingi watu wamebishana nusu gani ndo yenye nguvu, na mimi binafsi naona mwandishi wa sheria angetusaidia sana kama angechagua moja. Ila ubishi huo kwa sasa umeshaamuliwa na nitafika hapo, kwanza mjue tulivyofika.

Mwanzo wa mambo yote ni adhabu ya kifo. 2010 Mahakama ya Rufaa kwa kesi ya Mutiso ilisema kulazimisha kifo kwa kila muuaji ni kinyume cha katiba, halafu 2013 hiyo hiyo Mahakama ya Rufaa ikiwa na majaji watano kwa kesi ya Mwaura ikageuka ikasema hapana, kifo ni lazima. Hali ikawa hivyo mpaka tarehe 14 Desemba 2017 Mahakama ya Juu ikaamua Muruatetu, ikasema ule ulazima wa kifo chini ya kifungu cha 204 unamnyima mtu haki ya kusikilizwa kuhusu adhabu yake na kwa hivyo ni kinyume cha katiba. Angalieni vizuri, haikufuta adhabu ya kifo, jaji hadi leo anaweza kuitoa, kilichoondoka ni ulazima. Kifungo cha maisha pia iliulizwa maana yake ni miaka mingapi, ikakataa kuweka namba, ikasema hiyo ni kazi ya bunge.

Baada ya hapo ndo mafuriko. Korti za chini na hata Mahakama ya Rufaa zikachukua hoja za Muruatetu zikazipeleka kwa wizi wa mabavu, kwa unajisi, kwa kila mahali penye neno lazima ama kisichopungua. Kesi ya Kilwake ya 2018 kwa mfano, Mahakama ya Rufaa ilisema viwango vya kifungu cha 8 visisomwe kama vinamnyima hakimu uwezo wa kupima. Wafungwa wakaanza kuandika maombi wenyewe kwa mkono kutoka magereza, na wengi walipunguziwa kweli. Tarehe 6 Julai 2021 Mahakama ya Juu ikarudi na maelekezo, yale watu huita Muruatetu ya pili, ikasema jamani tulikuwa tunaongea kuhusu mauaji tu chini ya kifungu cha 204, mkitaka kupinga adhabu ya wizi wa mabavu ama ya kosa lingine leteni kesi yake, ianzie Mahakama Kuu, ijadiliwe vizuri, ipande ngazi. Ungedhani hapo mambo yangetulia lakini wapi, Mei 2022 Mahakama Kuu Machakos kwa kesi ya Maingi ikafikia kwa njia yake kwamba viwango vya lazima vya makosa ya ngono vikimnyima hakimu uhuru havipatani na katiba, na korti nyingi zikaifuata.

Sasa hapa ndo usome polepole. Kesi ya Mwangi. Alipewa miaka 20 chini ya kifungu cha 8(3), Oktoba 2022 Mahakama ya Rufaa ikampunguzia ikawa 15, DPP, yaani Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, akaenda Mahakama ya Juu, na tarehe 12 Julai 2024 miaka 20 ikarudi. Ukisoma uamuzi utaona vitu vitatu ambavyo vitakusaidia kila siku. Cha kwanza ni tofauti ya adhabu ya lazima na adhabu yenye kiwango cha chini: ya lazima ni namba moja tu, jaji hana la kusema, ila yenye kiwango cha chini inaweka sakafu na kutoka hapo kwenda juu jaji bado anapima, kwa hivyo huwezi kubeba hoja za kifo ukazitua hapo kama zilivyo. Cha pili, kifungu cha 8 hakikuwa kimepingwa kikatiba kwa njia inayofaa tangu chini, mtu hawezi kufika juu akapewa uamuzi wa kikatiba ambao hakuna aliyeuomba wala kuujibu. Cha tatu ni kifungu cha 361 cha CPC, ile sheria ya mwenendo wa kesi za jinai, kwamba kwa rufaa ya pili Mahakama ya Rufaa inaangalia maswali ya sheria tu, na ukali wa adhabu sheria yenyewe imeuita swali la ukweli wa mambo. Hiki cha tatu ndo mawakili wengi hurukia bila kusoma na ndo kinaua rufaa nyingi kabla hata hazijasikilizwa.

Aprili 2025 ikafuata kesi ya Manyeso, ambapo Mahakama ya Rufaa ilikuwa imebadilisha maisha ikampa miaka 40, na Ayako, ambapo ilikuwa imesema maisha ni miaka 30. Zote Mahakama ya Juu ikaziondoa, maisha yakarudi kuwa maisha. Kuna watu wanazilaumu hizi na hoja zao sio mbaya, kifungo kisicho na mwisho ni kitu kizito na bunge halijamaliza kazi iliyoachiwa tangu 2017. Lakini kulaumu ni kazi ya makala, wewe kortini unafungwa na iliyosemwa na korti ya juu kabisa. Ukiwa na mteja wa 8(3) leo, ukimwambia hakimu atoe miaka 7 unampotezea mteja wakati. Ukiamini kweli sakafu yenyewe ni mbaya, basi fungua ombi la kikatiba Mahakama Kuu, weka ushahidi wa kueleza kwa nini, mshirikishe Mwanasheria Mkuu, na ujipange kwa safari ndefu.

Kwa hivyo uhuru uko wapi? Uko mahali watu hawaangalii. Kwanza umri. Kwa kifungu cha 8 umri wa mtoto ndo unaamua kifungo, ndo maana Mahakama ya Rufaa kwa kesi ya Kaingu ilisisitiza lazima uthibitishwe kwa sababu adhabu inategemea hapo. Chajishiti, yaani hati ya mashtaka, inasema 12, cheti cha kuzaliwa hakipo, mama anasema alizaliwa wakati fulani hivi, ripoti ya daktari inasema kati ya 15 na 17, hapo una kazi ya kufanya, na ufanye wakati wa ushahidi, sio wakati wa kuomba huruma. Kuna na lile swali la mtoto wa 15 na miezi kadhaa, je ni wa 8(3) ama ameshaingia 8(4)? Kwa Mwachongo 2016 Mahakama ya Rufaa ilimhesabu kama bado wa 15 hadi atimize 16. Tofauti ni miaka mitano ya maisha ya mtu, usiiruke.

Pili ni muda wa rimandi. Kifungu cha 333(2) cha CPC kinasema aliyekuwa ndani kabla ya hukumu, muda huo uzingatiwe. Mahakimu wengi huandika tu nimezingatia muda aliokaa rimandi halafu wanasema kifungo kianze leo. Kesi ya Abolfathi ya 2018 ilisema hiyo haitoshi, kuzingatia maana yake kifungo kipungue kwa kiasi cha muda huo. Na hii haigusi sakafu kabisa, miaka 20 inabaki 20 ila inahesabiwa kuanzia siku aliyoingia ndani. Kama aliachiliwa kwa bondi katikati, toa hizo siku, hesabu zile alizolala ndani tu, na umpe hakimu tarehe zenyewe kutoka kwa faili: kukamatwa, kusomewa mashtaka, kutoka kwa bondi, kurudishwa. Hakimu ana faili arobaini asubuhi hiyo, ukimwachia hesabu hataifanya. Ile thuluthi moja ya msamaha wa gerezani ni kitu kingine, ni ya Sheria ya Magereza, magereza ndo wanaipiga, usimwombe jaji, na wa maisha hana.

Tatu, makosa mawili ya tukio moja. Uliza vifungo viende pamoja, na uhakikishe imeandikwa, maana isipoandikwa hivyo vinafuatana. Nne ni Ibara ya 50(2)(p) ya Katiba, adhabu ikibadilishwa kati ya siku ya kosa na siku ya hukumu mteja anapata ile nyepesi, kwa hivyo angalia tarehe ya kosa na historia ya marekebisho ya kifungu.

Kwa makosa yasiyo na sakafu, hapo ndo mitigesheni, yaani maelezo ya kuomba adhabu ipunguzwe, ina uzito wote. Tumia Mwongozo wa Sera ya Adhabu, ule wa 2023 sio wa 2016. Omba ripoti ya afisa wa probesheni mapema. Kama kosa linaruhusu kifungo cha miaka mitatu kushuka chini, taja huduma kwa jamii chini ya sheria ya 1998, korti nyingi zitaisikiliza zikiona mtu ana makao na ana kazi.

Ya mwisho ni ya kabla hujafaili rufaa ya adhabu. Korti ya rufaa haibadilishi kifungo kwa sababu yenyewe ingetoa tofauti, kesi ya Ogola ya 1954 bado ndo kipimo: hakimu awe alifuata kanuni isiyofaa, ama aliacha jambo muhimu, ama kifungo kimezidi kabisa. Na Mahakama Kuu ina uwezo wa kuongeza pia. Sasa fikiria wale waliohukumiwa wakati wa yale mafuriko, mtu wa 8(3) amepewa miaka 10 badala ya 20, anakuja ofisini anataka rufaa apunguziwe iwe 6. Kifungo hicho kiko chini ya sakafu, na ukikipeleka mbele ya jaji upande wa mashtaka unaweza kuomba kiongezwe. Korti inapaswa kumwonya mteja kabla ya kuongeza, na anaweza kuondoa rufaa akishaonywa, lakini onyo hilo alipaswa kulisikia kwako, ofisini, siku alipokuja na zile karatasi.