Krimu ya steroidi kwa pumu ya ngozi: soma tyubu kabla ya kupaka

Akina mama wenzangu wakiona ngozi ya binti yangu ilivyotulia, swali huwa ni lile lile: "Mama, unampaka dawa gani?" Siku hizi sitaji jina. Naomba kwanza waniletee tyubu waliyonayo nyumbani tuisome pamoja, maana jina kubwa la mbele ni la biashara tu. Kilichomo ndani kimeandikwa chini yake kwa herufi ndogo, na hapo ndipo usalama wa mtoto ulipo.

Binti yangu ana pumu ya ngozi, yaani ukurutu wenye ukavu na mwasho, tangu uchanga wake. Krimu za steroidi, dawa za kupaka zinazotuliza uvimbe na mwasho wa ngozi, zimetusaidia sana, na ninaziamini. Nalisema hili mapema kwa sababu hapa Dar es Salaam nakutana na wazazi wa aina mbili. Wapo wanaoziogopa kiasi kwamba mtoto anajikuna usiku kucha mpaka shuka zinaingia damu, na wapo wanaozipaka kama mafuta ya kawaida, asubuhi na jioni, mwaka mzima. Wote wawili waliuziwa tyubu bila maelezo.

Tuanze na nguvu ya dawa. Steroidi za kupaka zina madaraja. Ukiona hydrocortisone ya asilimia 1, hiyo ni ya daraja la chini, ndiyo ambayo mara nyingi daktari humwandikia mtoto mdogo au mtu mwenye tatizo usoni. Betamethasone valerate ya asilimia 0.1 ni kali. Clobetasol ya asilimia 0.05 ni kali kuliko zote zinazouzwa kwenye maduka yetu. Sasa angalia namba hizo tena. Mtu asiyejua ataona 0.05 ni ndogo kuliko 1, ataamini kachukua dawa nyepesi, kumbe kachukua ile yenye nguvu nyingi zaidi. Asilimia hulinganisha kiasi cha dawa hiyo hiyo tu. Haikusaidii kulinganisha dawa mbili tofauti. Nimewahi kumsikia muuzaji akimhakikishia mteja kwamba "hii ni 0.05 tu, haina madhara". Mteja alikuwa amebeba mtoto mchanga.

Mtu mzima mwenye ukurutu sugu kwenye nyayo anaweza kuandikiwa clobetasol na ikamfaa kabisa, kwa sababu ngozi ya nyayo ni nene na dawa hupita kwa shida. Kope, shingo, kwapa, kinena na sehemu za siri ni hadithi nyingine: ngozi ni laini na dawa huingia kwa wingi. Kuzunguka macho usipake bila daktari kukuelekeza, kwa sababu matumizi ya muda mrefu pale yanaweza kupandisha presha ya jicho na kuharibu uwezo wa kuona. Na kuna hili la pampasi ambalo wazazi wengi hawalifikirii. Ukipaka steroidi kwenye makalio ya mtoto kisha ukamfunga pampasi, ile plastiki inafunika dawa na joto linaisukuma ndani zaidi ya ulivyokusudia. Kufunga mkono kwa plastiki au bendeji juu ya dawa ni vilevile. Fanya hivyo pale tu daktari anapokuambia.

Kiasi gani kinatosha? Hapa kuna kipimo kizuri ambacho madaktari wa ngozi wanakitumia tangu mwaka 1991, nacho kiko mkononi mwako. Kamua krimu mstari mmoja juu ya kidole chako cha shahada, kuanzia ncha mpaka mkunjo wa kwanza. Kwa tyubu yenye mdomo wa kawaida hiyo ni karibu nusu gramu, na inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima, vidole vikiwa vimebanwa pamoja. Kidole ni cha mzazi hata kama anayepakwa ni mtoto. Binti yangu anasumbuliwa zaidi kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti. Naweka viganja vyangu juu ya sehemu hizo nne, naona zinaenea viganja viwili, basi mstari mmoja unamtosha kwa mara moja. Napaka tabaka jembamba kufuata uelekeo wa vinyweleo mpaka krimu ipotee, sisugui. Kwa hesabu hiyo tyubu ya gramu 15 ina mistari kama 30. Ikikuishia ndani ya wiki kwa sehemu ndogo kama hizo, unapaka nyingi mno. Lakini anayechovya kwa ncha ya kidole akijaribu kueneza mguu mzima naye hajatibu; atakaa na ugonjwa, na mwisho atasema dawa haifanyi kazi.

Mara ngapi kwa siku? Mara moja au mbili, kama ulivyoandikiwa. Mara ya tatu na ya nne haziongezi nafuu, zinaongeza madhara.

Jambo la kuangalia kwetu sisi wenye ngozi nyeusi: usisubiri wekundu. Maelezo mengi ya pumu ya ngozi yanataja wekundu, na mzazi asipouona anadhani mtoto amepona. Kwetu ngozi iliyochachamaa huonekana ya zambarau, kijivu au nyeusi iliyokolea, na mara nyingi mkono unajua kabla ya jicho. Mimi hupitisha mgongo wa vidole kwenye kiwiko chake: nikisikia joto, ukavu na vipele vidogo kama chenga za mchanga, bado. Ikilainika na mwasho ukaisha, naacha steroidi na kubaki na mafuta. Alama nyeusi au zilizofifia zinazobaki baadaye kwa kawaida ni kovu la rangi lililoachwa na ugonjwa wenyewe, nazo hupungua taratibu kwa miezi. Usiendelee kupaka steroidi ili kuzifuta. Steroidi kali ikikaa muda mrefu nayo hupausha ngozi, huifanya nyembamba, huleta michirizi na mishipa midogo inayoonekana, na ikipakwa eneo kubwa inaweza kuingia mwilini na kuvuruga homoni.

Huko kupausha ndiko kulikoifikisha clobetasol kwenye mkorogo. Dada zangu, hili naliomba kwa moyo wote. Krimu ya kung'arisha uso isiyo na orodha ya viambato, au iliyochanganywa dukani na kuwekwa kwenye kopo tupu, inaweza kuwa na steroidi kali na hutajua. Aliyeipaka usoni kwa miezi akiacha anaweza kupata uso unaowaka, kuvimba na kutoa chunusi, halafu akarudi kwenye kopo lile lile kutafuta nafuu. Asirudi. Aende kwa daktari na kopo lake mkononi asaidiwe kuacha.

Kuna pia zile krimu za tatu kwa moja: dawa ya fangasi, antibayotiki na steroidi ndani ya tyubu moja. Zinauzwa kwa kila anayejikuna, na ndizo zinazonikera kuliko zote. Mwenye choa akipaka steroidi, mwasho unapoa, duara linafifia, naye anafurahi, huku fangasi wanaenea kwa sababu kinga ya ngozi imelazwa. Akiacha, choa kinarudi kikubwa na hakina tena lile umbo la duara, hivyo hata tabibu anapata kazi kukitambua. Kama nyumba nzima mnajikuna usiku, hasa katikati ya vidole, huenda ni upele wa wadudu, na steroidi haiui wadudu hao.

Dawa yenyewe ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni mafuta, kila siku, hata ngozi ikiwa safi. Tunaoga maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo isiyo na manukato, dodoki hapana. Namkausha kwa kugandamiza taulo na kumpaka mafuta mazito ya mgando ngozi ikiwa bado na unyevu. Siku za dawa naacha kama nusu saa kati ya mafuta na krimu, zisichanganyike.

Mpeleke hospitali bila kusubiri akitoa usaha au maganda ya njano, akipata homa, au vikitokea ghafla vijilengelenge vingi vinavyouma. Hata bila hayo, kama hujaona mabadiliko ndani ya wiki mbili, rudi kwa aliyekuandikia. Sio lazima awe daktari bingwa: kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikiwafundisha matabibu wa ngozi tangu miaka ya 1990, hivyo uliza hospitali ya wilaya au ya mkoa wako kama wanaye. Nenda na tyubu zote ulizotumia, hata zilizokwisha, na usitoke chumbani kabla hujaambiwa krimu hii ni ya daraja gani, inapakwa wapi, na siku ya kuiacha ni ipi.